Cheo cha Yaya Liévin

Élisabethville, Jumapili 4 Oktoba 1931

Joto kali. Tulicheza mbeni tangu misa ilipotoka hadi saa kumi, na brigedi yetu ilipiga mguu vizuri hata polisi wa lango akasahau kuwauliza watu vibali vyao. Nimechoka, lakini nimefurahi, kwa hiyo nafungua daftari hili jipya kwa kusema sisi ni akina nani. Siku moja binti yangu Annie atataka kujua baba yake alikuwa na cheo gani.

Mimi ni Adrien Mwansa, karani wa kambi ya wafanyakazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba. Kazini naitwa Karani, kwenye mbeni naitwa Kapiteni. Mbeni ni ngoma, ila usiseme hivyo mbele ya Jenerali wetu. Tuna bunduki za mbao, filimbi, tarumbeta mbili, ngoma kubwa moja, na vyeo vyote walivyorudi navyo askari wa vita vya Tabora. Jenerali Bwalya, ambaye siku za kazi huchoma mikate kule Cité, mtaa wa Waafrika, ana brigedi tatu chini yake: ya Cité, ya watu wa reli, na yetu ya kambi. Kolonele wetu ni Liévin Kisimba, tunayemwita Yaya, yaani kaka mkubwa. Meja ni Pierre Chola. Halafu mimi, ninayetunza kitabu cha vyeo.

Yaya Liévin ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa askari kweli. Alifika Tabora kwa miguu, akarudi na risasi pajani. Nilipoajiriwa mwaka 1922, kwetu kukiwa upande wa Ruashi, mbali mno kwa mtu wa zamu ya asubuhi, yeye na mkewe, Mama Brigitte, walinipa kona ya chumba chao kwa miezi minne. Sijasahau. Nayaandika haya kwa sababu nina mawazo mengine kichwani, ambayo mtu aliyelala kwenye kona ya mwenzake hapaswi kuwa nayo.

7 Oktoba

Joto. Hakuna jambo.

11 Oktoba, Jumapili

Nimefungua kitabu cha vyeo leo na kukitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kwenye mbeni mtu hapandi kwa sababu ni hodari. Anapanda aliye juu yake akifa, akihama mji, au akivuliwa kofia na Jenerali mbele ya mistari. Njia nyingine hakuna. Yaya Liévin amekuwa Kolonele miaka tisa, Chola Meja miaka sita, mimi Kapiteni miaka sita. Hatufi, hatuhami, hatuvuliwi.

Na mistarini hakuna kusema. Hiyo ni sheria aliyotuwekea Yaya mwenyewe: ukishasimama, unasikia na kutii, ukiwa na neno lako utalisema nyumbani. Ukisema mstarini unashushwa cheo papo hapo.

19 Oktoba

Mvua ya kwanza. Mabati yalilia mpaka hatukusikiana ofisini.

Shaba haina wanunuzi, wanasema, na kampuni inapunguza watu. Leo nimepiga kwa mashine majina arobaini na mawili ya wanaorudishwa kwao na wake zao na watoto. Nimeyabandika ukutani mwenyewe. Walionijua waliniamkia vizuri sana, kana kwamba ni mimi ninayechagua. Sikuwasahihisha. Naona haya kusema kwamba nilipenda zile salamu.

1 Novemba, Watakatifu Wote

Makaburini. Mke wangu Victorine alifagia kaburi la Alexis, mtoto wetu aliyekufa na miezi saba tu. Mwaka 1927 Yaya Liévin alitoa brigedi nzima kumzika, ngoma imefunikwa kitambaa, kofia kwapani. Kwa mtoto mchanga. Kapita wengine, yaani wanyapara, walicheka. Yeye alisema baba yake ni mtu wa brigedi, basi na mtoto ni mtu wa brigedi.

11 Novemba, Jumatano

Siku ya kuadhimisha mwisho wa vita. Sina hakika kama nitaweza kuandika yote, lakini nitajaribu.

Kila mwaka wazungu huturuhusu kupita mbele ya mnara baada ya askari wa kweli. Brigedi ya Cité ilitangulia, ikafuata ya reli, sisi mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na udongo ulikuwa mwekundu na laini. Yaya Liévin mbele, peke yake, kofia yenye uzi wa dhahabu, fimbo mkononi. Chola mbali kidogo, ubavuni kulia mwa brigedi. Mimi hatua nne nyuma ya Yaya.

Tulipofika mbele ya jukwaa alipaswa kugeuka kwa mguu wa kushoto, ule mbovu, na kutoa saluti. Amegeuka hivyo miaka tisa. Leo mguu ulikataa. Alianguka mzima mzima, kofia ikaenda zake kwenye dimbwi. Wazungu walicheka. Bibi mmoja alijiziba mdomo kwa glovu, na bwana mmoja alipiga makofi kama aliyeonyeshwa mchezo.

Sheria inasema mkuu akianguka, aliye karibu anashika mbele ili mstari usikatike. Aliye karibu nilikuwa mimi. Kwa hiyo nikipelekwa kwa hakimu, nitashinda. Niliruka mguu wake, nikapuliza filimbi, nikageuza brigedi nzima, tukapita. Watu wa Cité walishangilia. Jenerali Bwalya aliniambia baadaye, "Adrien, uliokoa shiye bote."

Lakini hakimu hakuona uso wangu, na mimi ninajua ulikuwaje. Nilipomruka Yaya nilifurahi. Kitu kilinipanda kifuani kwa furaha, kabla hata filimbi haijafika mdomoni. Nilipogeuka kutazama nyuma alikuwa amepiga magoti matopeni anaifuta kofia kwa mkono wa shati lake, na Chola, ambaye siku zote nimemwona mjanja tu, alikuwa ameacha mstari na kumshika bega.

12 Novemba

Mvua. Yaya hakuja kazini.

15 Novemba, Jumapili

Chola alinisubiri nje ya kanisa.

"Karani," alisema, "Yaya alianguka mbele ya Bazungu. Tutangoya mupaka wakati gani?"

"Unataka nini, Meja?"

"Unajua kile nataka. Cheo inakuya kwangu, hata mu kitabu yako iko vile. Miye sitake kumufukuza. Nataka tu aseme ye mwenyewe."

Si siri kwamba Jenerali ameoa dada yake Chola. Si siri pia kwamba wote wawili ni watu wa Luapula, na nusu ya brigedi yetu ni watu wa kaskazini wa kina Yaya, waliokuja na reli. Chola akipanda, hao watasema ni ushemeji. Nimeliwaza hilo kutwa nzima. Mimi ni mtoto wa hapa hapa, babu zangu walikuwa hapa kabla ya bomba la kwanza la moshi la kiwanda. Sina upande. Hakuna atakayenuna juu yangu.

Tazama jinsi hesabu inavyokuja yenyewe.

22 Novemba

Nilipanda Cité kwa Jenerali. Alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. Alinipa mkate wa moto na kuniuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumuumiza mtu:

"Weye unakaa karibu na Liévin. Eko na nguvu bado? Anasema nini?"

Yaya hakuwa amesema lolote. Alikuwa amerudi kazini, anakanyaga polepole, anajizoeza kugeuka nyuma ya nyumba yake wakati anadhani hatumwoni. Nilijibu:

"Anachoka, Jenerali. Ye mwenyewe anataka apumuzike. Anasikia tu haya ya kusema."

Bwalya aliguswa. Aliweka mkono wake wenye unga begani mwangu.

"Basi tutamupumuzisha na heshima. Na Chola? Bantu ya kaskazini batasema nini?"

Nilimega mkate, kama mtu anayefikiri, halafu nikasema haitakuwa vizuri watu wagawanyike. Sikutaja jina langu. Alilitaja yeye.

Nimekula mkate wote njiani.

29 Novemba

Victorine ameshona upya vifungo vya koti langu bila kuuliza. Anajua kuna kitu. Amenitania, akijiita mwenyewe: "Mama Kolonele anapikaka nini?" Nilicheka naye. Afadhali nisingecheka.

6 Desemba, Jumapili

Imefanyika.

Uwanja nyuma ya karakana, mvua imekatika kidogo, mistari mitatu. Jenerali alisema maneno mazuri kuhusu Tabora na miaka tisa. Kisha alisema, "Kolonele Kisimba anaenda mu mapumuziko," akamwendea na kumvua kofia kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimesimama karibu. Niliona Yaya akifungua mdomo. Hakuwa ameomba mapumziko na alitaka kusema hivyo. Halafu alikumbuka yupo mstarini, akaufunga. Sheria ni yake. Ndicho nilichokuwa nimekitegemea tangu siku ile ya mkate, ingawa leo ndiyo mara ya kwanza ninakiandika: kwamba atanyamaza kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha kunyamaza.

Jenerali akaniita mimi. Kofia ilikuwa bado na joto la kichwa chake. Chola alinitazama kama mtu aliyekanyagwa kidole na rafiki. Yaya akanyoosha mkono, akanipa filimbi yake, akapiga saluti kamili, akaenda kusimama mstari wa nyuma kabisa pamoja na wale waliojiunga mwaka huu.

7 Desemba

Alikuja nyumbani baada ya kazi. Nilidhani amekuja kuniuliza. Alikuja kunifundisha namna ya kupanga miguu nikiwa peke yangu mbele.

"Sikuomba mapumuziko," alisema akiwa mlangoni, anavaa kofia yake ya kazi. "Lakini Jenerali anaona mbali kupita shiye. Nafurahi ni weye. Kama angekuwa mungine, ningelia."

Annie alimsindikiza hadi njia kuu, amemshika kidole kama anavyofanya siku zote.

13 Desemba

Nimeongoza vibaya. Nilipuliza mapema.

20 Desemba

Vibaya tena. Mvua tangu Alhamisi, kila nguo ndani ya nyumba ina harufu ya ukungu.

27 Desemba, Jumapili

Mashindano na brigedi ya reli. Tumeshinda, na kila mtu amenipongeza, hata kapita wa kiwanda alinipa mkono.

Hiki ndicho kilichotokea. Kwenye mzunguko wa pili nilipotea hesabu ya hatua. Kabla brigedi haijayumba, nilisikia kutoka mstari wa nyuma mtu anapiga kisigino chini, kwa nguvu, hatua baada ya hatua. Wote walikishika kile kisigino. Na mimi nilikishika. Tulimaliza safi. Mguu mzima ulikuwa unapiga ili kubeba ule mbovu na pamoja nao watu themanini, na aliyepiga saluti mbele ya Jenerali ni mimi.

Jioni Victorine alisema juu ya Yaya, "Baba Brigitte eko muntu muzuri."

3 Januari 1932

Hakuna mbeni. Orodha mpya inatayarishwa.

8 Januari, Ijumaa

Majina mia na kumi. Mama mmoja alikaa chini mbele ya ofisi yangu na hakuondoka hadi saa kumi na moja. Inasemekana katika kambi moja upande mwingine wa mji watu waliojiandaa kurudishwa walikataa kupanda treni, na aliyewapanga alikuwa na cheo cha mbeni. Labda ni uongo. Lakini wazungu wamesikia maneno Jenerali, Kolonele, Meja, na hawakusikia neno ngoma.

12 Januari, Jumanne

Bwana Bilatu aliniita. Ndilo jina tulilompa shefu, mkuu wa kambi, kwa ajili ya bilatu, yaani viatu vyake vinavyosikika kabla hajaonekana. Si mtu mbaya. Leo alikuwa na hofu, na mzungu mwenye hofu ni mbaya kuliko mwenye hasira. Alifunga mlango.

"Karani. Ile mbeni. Nani mukubwa yake hapa mu kambi?"

Nilisema ni mchezo wa Jumapili tu, Bwana, bunduki ni za mbao.

"Najua ni mbao. Nauliza jina. Kuko Kolonele. Nataka ile Kolonele. Ye anarudi kwao na treni ya mwezi wa pili, bengine batanyamaza. Jina moja tu. Andika hapa, cheo na jina."

Akasukuma karatasi mbele yangu, akaniachia kalamu yake, akaenda kusimama dirishani kunipa mgongo. Hakujua. Miaka mitano nafanya kazi naye, anajua mimi ni Adrien mwenye mwandiko mzuri, hajui lolote jingine.

Nitaandika nilichokifikiri, maana ni lazima kiandikwe mahali. Nilifikiri: Annie yuko kwa masista, mwakani anapata komunyo. Nilifikiri: babu zangu ni wa hapa, watanirudisha wapi? Watanipeleka mbali kuliko wote kwa sababu hiyo hiyo. Nilifikiri kwamba nimekuwa Kolonele wiki tano tu, na huo si ukolonele bado. Nilifikiri kwamba kama ingekuwa Novemba jina lingekuwa lake, na kwamba ni bahati tu ya kalenda. Fikra hii ya mwisho niliipenda. Niliishika kama mtu anavyoshika kitasa.

Niliandika: Kolonele, KISIMBA Liévin.

Bwana Bilatu aligeuka, akasoma, akasema, "Ile muzee ya mguu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Merci, Adrien," akanifungulia mlango mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kufanya.

Nyumbani nilimwambia Victorine, kwa sababu nilitaka aseme sikuwa na njia nyingine. Aliacha kuchambua maharage.

"Uliandika jina ya nani?"

Nikarudia.

"Lakini Kolonele ni weye," alisema.

Akarudia maharage yake. Tangu wakati huo hajasema neno.

14 Januari, Alhamisi

Walimwita saa nne. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu, mlango wa Bwana uko wazi nusu. Bwana Bilatu alisoma kwenye karatasi, "Kolonele Kisimba Liévin," na Yaya, mzee wa miaka hamsini na mguu mmoja mbovu, aliunganisha visigino na kuitikia nipo, kwa Kifaransa cha jeshi, kwa sauti iliyofika hadi karakana:

"Prezan."

Nilisikia yaliyobaki. Aliulizwa kama ni kweli yeye ni Kolonele. Akasema ni kweli. Aliulizwa kama kuna wakubwa wengine kambini. Akasema hakuna, ni yeye peke yake, wengine wanacheza tu. Aliambiwa atarudi kwao na familia yake. Kwao hajafika tangu mwaka 1914, walipomchukua jeshini. Hana mama, hana baba, na nyumba iliyobaki huko, kama ipo, si yake.

Alipotoka alinipita mezani. Alitabasamu.

Jioni alikuja. Nilikuwa nimemwambia Victorine aseme sipo, lakini alifungua mlango na kusema, "Yaya, karibu, eko." Alikaa. Alikuwa amevaa koti lake la mbeni.

"Adrien, Bwana alinionyesha ile karatasi. Nilisoma miye mwenyewe. Ni mukono yako, nauyua."

Nilijua sasa inakuja. Niliingoja, na nadhani niliitamani.

"Kumbe haukufuta jina yangu mu kitabu," alisema. "Jenerali alinitosha kofia ku kichwa, lakini mu kitabu ningali Kolonele. Weye haukunifuta. Nilikuwa nafikiri brigedi yote ilinisahau, nalala nafikiri ile. Aksanti, mudogo wangu."

Kisha akasema kurudi kwao si kitu, askari huenda anapopelekwa, ila ni vizuri kwenda na cheo chako.

Nilimwambia nini? Nilimwambia, "Hapana neno, Yaya." Hayo ndiyo maneno niliyopata. Victorine alitoka nje ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

16 Januari

Chola alinishika shati nyuma ya karakana. Chola, mwenye shemeji, mwenye hila, niliyemwandika vibaya humu miezi yote hii.

"Miye nilitaka ile kofia, hata Mungu anajua. Lakini vile? Hapana, Karani."

Nikamwambia aende kwa Bwana akaseme kweli, kama anataka. Akanivuta karibu.

"Nikienda, Bwana atafukuza Yaya juu alidanganya, na weye, na miye pamoja. Yaya alisema eko peke yake. Alifunga mulango ile juu ya shiye bote. Njo sababu minanyamaza. Hapana juu ya kukuokoa weye."

Aliachia shati langu na kulinyoosha kwa kiganja, kwa sababu watu walikuwa wanapita.

20 Januari

Nilikwenda hadi mlango wa Bwana Bilatu nikiwa nimeamua. Nilibisha. Akasema, "Nini?" Nikasema, "Orodha ya wagonjwa, Bwana." Sikuwa na orodha yoyote mkononi. Akaniambia niilete kesho.

21 Januari

Nilipeleka orodha ya wagonjwa.

2 Februari

Mvua kila siku. Mbeni imepigwa marufuku kambini. Kofia ipo ndani ya sanduku, juu yake Victorine ameweka nguo za zamani za Alexis. Sijui kama amefanya makusudi.

9 Februari

Brigitte, binti wa Yaya, ametolewa shule. Annie ananiuliza kwa nini. Nimemwambia ni mambo ya kampuni.

21 Februari, Jumapili

Yaya amezunguka nyumba kwa nyumba kuwaaga watu wa brigedi. Kila nyumba walimwita Kolonele. Themanini wanajua kofia ilikuwa kwa nani mwezi wa kwanza, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba aliyetakiwa kwenye karatasi ni mimi. Nilidhani wananificha mimi. Nimechukua muda kuelewa kwamba hawakunifikiria kabisa.

25 Februari, Alhamisi

Stesheni. Nilikuwa na sababu halali ya kuwepo: karani husoma majina ya wanaopanda. Behewa la tatu. Mvua nyembamba. Yaya alipanda wa mwisho, koti la mbeni limefungwa vifungo vyote, na kabla ya kupanda aligeuka kwa mguu wa kushoto, polepole sana, akaweza, akanipigia saluti. Sikuwa na haki ya kuipokea wala ya kuikataa. Niliijibu.

Mama Brigitte alikuwa bado chini, anapitisha sufuria na mikeka dirishani. Honorine, ndilo jina lake, si mwanamke wa maneno mengi. Kwenye ile miezi minne ya 1922 sidhani kama aliniambia maneno hamsini, lakini kila siku nilikuta chakula kimefunikwa. Nilimsaidia kuinua kapu la mwisho. Alinishika mkono juu ya kapu ili nisiondoke.

"Baba Annie, miye nayua vile ilikuwa. Tangu siku ya kwanza nayua."

Nikataka kusema. Akakaza mkono.

"Ye hayue. Anasema kwa batu bote, Adrien hakunifuta. Asubui anaamuka nayo. Haukumuachia kitu ingine, basi ile umuachie. Usimuandikie. Usimutumie muntu. Hata siku moja."

Aliuachia mkono wangu, akapanda. Kutoka ndani nilimsikia Yaya akimwuliza tulikuwa tunaongea nini, na yeye akajibu kwamba nilikuwa namwuliza kama kapu ni zito.

28 Februari

Sikwenda misa.

13 Machi, Jumapili

Jenerali Bwalya alikuja mwenyewe kambini, bila koti, na mikate miwili. Mbeni itaanza tena upande wa Karavia baada ya Pasaka, kimya kimya, bila tarumbeta. Anataka kujua kama brigedi ya kambi ina mkuu. Nilimwambia ampe Chola. Alidhani ni unyenyekevu, akanisifu. Nilimwambia pia kwamba Yaya Liévin hakuwahi kuomba mapumziko, kwamba nilitunga mimi. Aliweka mikate juu ya meza, halafu akaichukua tena na kuondoka nayo. Nashukuru kwa hilo. Ndiyo mara ya kwanza mtu ananitendea kama nilivyo.

29 Machi

Mvua zinapungua. Jana na leo hakuna tone. Victorine amenisemesha, kuhusu paa.

3 Aprili, Jumapili

Nimejaribu barua mara nne. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ya nne ina mistari mitatu: kwamba kitabuni jina lake nililikata mwenyewe kwa wino tarehe sita Desemba, kwamba Kolonele aliyetafutwa ni mimi, kwamba namwomba anisamehe. Nina jina la misheni iliyo karibu na kwao. Padri angemsomea.

Nimeisoma kwa sauti hapa chumbani ili nisikie itakavyosikika huko. Nikamwona anavyosikiliza, amesimama. Nilimvua cheo mara moja mbele ya watu themanini, na hao angalau waliendelea kumwita Kolonele. Nikiituma hii nitamvua tena, kijijini ambako hamjui mtu, kwa ajili ya kujituliza moyo mimi. Ningelala usingizi mzuri, na yeye angeamka asubuhi bila kitu.

Nimeichana. Haya nitakaa nayo.